Darsa ya Chakula na Upishi kwa Watoto wa Skuli



Mtoto wetu wa leo akirudi skuli hukusomea majina ya sayari zote kwa mpango wake, na hapana ubaya katika hilo. Ilimu yote ni kheri. Walakini muulize ule wali alioula mchana ulikuwa wa mpunga gani, ulikobolewa vipi, na kwa nini mamake aliupepeta mchele kabla ya kuutia chunguni, utamwona amenyamaza. Chakula chaingia mwilini mwake mara tatu kwa siku naye hakijui. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Abasa, imemwelekeza mwanadamu akitazame chakula chake, kisha ikamtajia mvua, na ardhi inavyopasuka, na nafaka, na mizabibu, na mizeituni na mitende. Huko ni kutazama kwa akili, si kwa macho ya njaa.

Skuli za Kenya zimepata kuwa na somo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansi Kimu ilikuwa miongoni mwa masomo ya skuli za msingi. Na katika mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2019, mambo ya lishe na upishi yamo pia. Ila somo kuwamo kitabuni ni jambo moja, na mtoto kushika mwiko ni jambo jingine. Tumeziona daftari zilizochorwa jiko zuri lenye kila chombo, na mwenye daftari hajui kuwasha seredani.

Huenda mtu akasema: upishi ni kazi ya wanawake, mwanangu wa kiume aufunzwe wa nini? Jawabu yake ni nyepesi. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake. Na yule kijana Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mkono wake ukizunguka sahanini, Mtume mwenyewe ndiye aliyemfunza adabu za kula. Basi kumfunza mtoto wa kiume habari ya sahani si jambo la kumvunjia mtu heshima. Tena wapishi wa biriani katika arusi zetu, wale wasimamao juu ya masufuria ya gunia zima la mchele, ni nani kama si wanaume? Kijana asiyejua kujipikia huenda Nairobi kutafuta kazi, akaishi kwa chipsi na soda, na mshahara wake ukaishia kwa wauzaji.

Sasa tuje kwenye darsa yenyewe. Mimi naona mwalimu asianze na kupika. Aanze na mahindi mabichi ya gunia, ungo mmoja na watoto waliokaa duara, kila mmoja achambue gao lake: punje nzima upande huu, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyokunjana au yenye ukungu upande ule. Wakimaliza, ndipo awaeleze habari ya mwaka 2004. Mwaka huo, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua maini kwa kula mahindi yao wenyewe, na 125 kati yao walikufa. Hawakutiliwa sumu na adui. Mahindi yalihifadhiwa majumbani yakiwa bado na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu iitwayo aflatoksini.

Hapa mtoto mwerevu atauliza: je, ugali haukuiva? Swali hili ndilo kiini cha darsa, na mwalimu asilipite mbio. Moto wa jikoni huua vidudu vingi, lakini sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kusongwa. Mama aweza kuupika ugali saa nzima, na sumu ikawa palepale. Kusaga nako hakusaidii, bali huificha, kwani unga hauonyeshi tena punje mbovu. Kwa hivyo kinga yake iko kabla ya jiko: kuyakausha mahindi vyema juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, kuyaweka mahali pakavu palipoinuka kutoka sakafuni, na kuchambua. Na kuchambua peke yake hakutoshi, maana si kila punje yenye sumu huonekana kwa jicho. Yale mabovu asipewe ng'ombe, kwani sumu huingia katika maziwa, na maziwa yakarudi kwa mtoto yule yule.

Na wafunzwe kipimo cha chupa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kadiri ya thuluthi yake, ongeza vijiko vitatu vidogo vya chumvi kavu, ufunge, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Ikiwa chumvi imeganda ubavuni mwa chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya 15 kwa mia, hayafai kutiwa ghalani. Ikiwa chumvi yote imeanguka chini, yamekauka.

Darsa ya pili iwe ya mchele, nasi watu wa pwani ni wapenzi wake. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, daktari wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, katika kisiwa cha Java, akitafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi, ambao hulegeza miguu na hatimaye kuua. Aliona kuku wake wakipepesuka kama wagonjwa. Walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya askari. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa askari kulishwa kuku, wakapewa mchele usiosafishwa, nao wakapona. Siri ilikuwa katika wishwa tunaoutupa: ndani yake mna vitamini B1. Daktari huyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929, na mpishi, kama kawaida ya wapishi, hatukuhifadhiwa jina lake. Hatusemi watu waache wali mweupe. Twasema mwenye kuula na aufuatishe maharagwe, kunde au samaki.

Kiporo nacho kina haki ya kutajwa. Wali uliopikwa ukaachwa usiku kucha katika joto letu, huweza kuzaa vijidudu ambavyo mbegu zao hazikufa kwa moto wa kwanza, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto asubuhi. Wali wa kesho utandazwe upoe upesi, uwekwe kwenye baridi. Kwa nyumba isiyokuwa na jokofu, upikwe wa kuisha.

Na chai! Chai ya rangi inyweshwayo mtoto pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mchicha na maharagwe. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga hizo hufanya kinyume chake. Chai na ingoje saa moja. Najua kuna mabibi watakaonuna kwa maneno haya.

Amma mwalimu atakayesema skuli yake ni maskini, na akumbuke kwamba chakula cha skuli huko Japani kilianza mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, kwa ajili ya watoto maskini hasa. Leo watoto wa nchi hiyo hupakuliana wenyewe darasani na kusafisha baada ya kula, na tangu mwaka 2005 iko sheria ya elimu ya chakula. Darsa tulizozieleza zataka ungo, seredani, sufuria mbili, na chupa yenye chumvi. Mwenye chuo cha watoto kumi aweza kuanza Jumamosi hii. Na mtoto atakayerudi nyumbani akataka kuyapima mahindi ya gunia la babake, babake na amfungulie gunia.