Darubini Moja, Washirika Wengi: Somo Kutoka Sutherland

UKURASA WA ELIMU KWA UMMA

Kifaa cha umma kinapokuwa kimoja na wanaokihitaji ni wengi, mvutano hauko mbali. Wakaazi wanaujua mvutano huo. Huonekana kwenye trekta ya ushirika msimu wa kulima unapoanza, kwenye mashine ya eksirei ya hospitali ya kaunti ndogo, na kwenye greda inayosubiriwa na wadi kadhaa baada ya mvua kubomoa barabara. Wanaastronomia, yaani wataalamu wanaochunguza nyota na sayari, wana mvutano kama huo. Kifaa chao ni darubini, na kinachogombewa ni saa za giza.

Somo hili linaeleza jinsi kituo kimoja barani Afrika kinavyogawa saa hizo, kinavyotunza vyombo vyake na kinavyolinda giza lenyewe. Mwishoni yapo maswali yanayoweza kujadiliwa shuleni, katika vikundi na barazani.

Kituo chenyewe

Sutherland ni mji mdogo katika eneo kame la Karoo, nchini Afrika Kusini, takriban kilomita 370 kutoka Cape Town. Nje ya mji huo, kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, zimejengwa darubini za Kituo cha Astronomia cha Afrika Kusini. Taasisi hiyo iliundwa mwaka 1972 kwa kuunganisha kituo kikongwe cha Cape Town na kile cha Johannesburg. Taa za miji mikubwa zilikuwa zimeanza kufifisha nyota, hivyo darubini zikahamishiwa kwenye giza.

Leo uwanda huo una darubini za nchi na taasisi mbalimbali. Japani ina yake, Korea Kusini ina yake, na zipo nyingine za Marekani na Poland. Kila mmoja ana chombo chake, lakini mahali ni pamoja, na huduma nyingi ni za pamoja.

Iliyo kubwa kuliko zote inafahamika kwa kifupi kama SALT. Ilizinduliwa na Rais Thabo Mbeki mnamo Novemba 2005. Kioo chake kina upana wa takriban mita 11, lakini si kioo kimoja. Ni vipande 91 vyenye pembe sita, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 1, vilivyopangwa kama masega ya nyuki. SALT ni mali ya ushirika. Afrika Kusini imeungana na vyuo vikuu na taasisi za Marekani, Poland, India na Uingereza, kwa kuwa gharama ya darubini ya ukubwa huo ni mzigo mzito kwa mmoja.

Saa za giza hugawanywaje?

Msingi wa kwanza ni kwamba fungu la kila mshirika linalingana na mchango wake. Mchango huo si lazima uwe fedha. SALT ilijengwa kwa kufuata mfano wa darubini ya Hobby-Eberly iliyoko Texas, na wenye darubini hiyo walipewa muda wa kuitumia SALT kwa sababu ya michoro na ujuzi waliotoa. Makubaliano hayo yaliandikwa mapema, kabla ya usiku wa kwanza wa kazi.

Msingi wa pili ni maombi. Mara mbili kwa mwaka wanaastronomia hutuma maombi ya kutumia darubini. Mwombaji hueleza anachotaka kuchunguza, sababu yake, dakika anazohitaji, chombo atakachotumia, na hali ya anga inayomfaa. Je, kazi yake inahitaji usiku usio na mbalamwezi, au hata mwezi mpevu haumsumbui? Kamati huyapima maombi na kuyapa daraja. Kazi za daraja la juu hupewa nafasi kwanza. Zile za daraja la chini kabisa huwekwa akiba kwa ajili ya nyakati ambazo hali ya anga si nzuri ya kutosha kwa kazi nyingine.

Msingi wa tatu ndio unaowashangaza wengi: mwombaji hasafiri kwenda Sutherland. Zamani mwanaastronomia alipangiwa siku zake, tuseme usiku tatu, akasafiri nchi kwa nchi hadi kwenye darubini. Mawingu yakitanda usiku zote tatu, alirudi mikono mitupu na kuanza kusubiri upya. SALT hutumia foleni. Kazi zote zilizokubaliwa huingizwa kwenye orodha moja, na kila usiku watumishi wawili huiendesha darubini. Mmoja huongoza mitambo. Mwingine, ambaye ni mwanaastronomia, huchagua kazi inayofaa kwa saa hiyo na kusimamia vyombo vya kupima. Matokeo hutumwa kwa mwenye kazi kupitia intaneti.

Foleni hii haifuati aliyefika kwanza. Kioo cha SALT kimeinamishwa kwa pembe moja isiyobadilika. Hugeuka kuelekea upande wowote, lakini hakiinuki wala hakishuki. Mpango huo ulipunguza sana gharama ya ujenzi, ila una masharti yake, kwa kuwa nyota inaweza kuchunguzwa tu inapopita katika ukanda ambao darubini inaufikia. Kwa hiyo, kabla ya kila kazi, mwanaastronomia wa zamu hujiuliza: Je, nyota hii imefika mahali pake? Anga linafaa? Chombo kinachotakiwa kiko tayari? Daraja la kazi ni lipi, na fungu la mshirika husika limetumika kiasi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua zamu ni ya nani.

Dharura nazo zina kanuni

Yapo matukio ya angani yasiyosubiri ratiba. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mtikisiko uliosababishwa na nyota mbili za nyutroni kugongana. Nyota za nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, madogo kwa umbo lakini mazito kupita kiasi. Mgongano huo ulitokea mbali sana, kiasi kwamba mwanga wake ulisafiri takriban miaka milioni 130 kabla ya kufika duniani. Mwanga ulikuwa ukififia kila siku, na eneo lake la anga lilikuwa likizama mapema baada ya jua. SALT ilikuwa miongoni mwa darubini za kwanza duniani kuuchambua.

Hilo liliwezekana kwa sababu darubini hiyo inaendeshwa kwa foleni, na kanuni zake huweka daraja la pekee kwa matukio ya ghafla. Kazi inayopisha dharura haipotei. Hubaki kwenye orodha na kusubiri usiku mwingine unaoifaa. Tofauti kati ya dharura na upendeleo iko hapo: dharura ina sharti lililoandikwa na kila mshirika analijua, ilhali upendeleo huamuliwa papo hapo na mwenye ufunguo.

Kutunza vyombo

Kioo cha darubini hushika vumbi kama kioo cha dirisha. Uso wake umepakwa utando mwembamba wa alumini, ambao hufifia kadiri muda unavyopita. Kwa kuwa kioo cha SALT ni vipande, mafundi huweza kuondoa vichache, kuvisafisha na kuvipaka upya bila kusimamisha darubini kwa muda mrefu. Baada ya hapo vipande vyote 91 hulinganishwa ili vifanye kazi kama kioo kimoja. Kando ya jengo upo mnara uliowekewa kifaa maalumu cha kukagua ulinganifu huo.

Vyombo vya kupima navyo vina mahitaji yake. Kimoja huchambua mwanga wa nyota kwa undani mkubwa na kuutenganisha katika rangi zake. Badiliko dogo la joto huharibu kipimo chake, kwa hiyo kimefungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, katika chumba kilicho chini ya darubini, na mwanga hufikishwa humo kwa nyuzi za kioo. Mchana ni zamu ya mafundi wa umeme, wa mitambo na wa kompyuta. Usiku, unyevu, upepo au vumbi vikizidi kiwango kilichowekwa, paa hufungwa. Agizo hilo haliangalii ni kazi ya nani iliyokuwa ikiendelea, kwa sababu kioo kikiharibika, hasara ni ya wote.

Si kila jambo lilikwenda sawa tangu mwanzo. Baada ya uzinduzi wa 2005, picha za SALT hazikuwa kali kama ilivyotarajiwa, na chombo chake kikuu cha kuchambua mwanga kilipoteza sehemu ya mwanga kilichopokea. Ingekuwa rahisi kuridhika na nusu ya kazi, maana uzinduzi ulikuwa umekwisha na sherehe imepita. Badala yake, wataalamu walitafuta chanzo kwa subira. Tatizo la picha lilipatikana kwenye namna mtambo wa kurekebisha mwanga ulivyofungwa juu ya darubini. Mtambo ulishushwa, ukafanyiwa kazi na kurudishwa, na mwaka 2011 SALT ikaanza shughuli kamili za kisayansi. Miaka hiyo ilikuwa mirefu kwa washirika waliokwisha kutoa michango yao. Lakini darubini iliyotengenezwa ndiyo iliyokuwa tayari siku ya Agosti 2017.

Giza ni mali ya pamoja

Ratiba nzuri na mafundi hodari havitoshi anga likiwa na mwangaza wa taa. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kulinda maeneo yanayofaa kwa astronomia, likiwemo eneo la Sutherland. Kwa namna hiyo, mkaazi anayefunika taa ya nje ili imulike chini naye ni mtunzaji wa darubini, ingawa huenda hajawahi kuigusa.

Jambo hili linaihusu Kenya pia. Ikweta inapita nchini, hivyo anga la kaskazini na la kusini yote mawili huonekana kutoka hapa, jambo lisilowezekana Ulaya wala Sutherland. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio uitwao SKA. Katika sehemu nyingi za kaunti, watoto bado wanaweza kuiona Kilimia kwa macho tu wanapotoka nje usiku. Taa za barabarani na za sokoni zinahitajika kwa usalama na biashara. Hata hivyo, taa iliyofunikwa juu humulika njia vizuri, hutumia umeme kidogo zaidi, na huliacha anga na giza lake.

Mambo ya kukumbuka

1. Kanuni za kugawana huandikwa kabla kifaa hakijaanza kutumika, si baada ya ugomvi kuzuka.
2. Fungu la kila mshirika hujulikana, na matumizi yake huwekewa hesabu.
3. Zamu hutolewa kwa kuangalia uzito wa kazi na hali iliyopo, na dharura huwa na sharti lake.
4. Matengenezo yana siku, mafundi na fedha zake tangu mwanzo.
5. Kasoro ikionekana baada ya uzinduzi, hurekebishwa.

Maswali ya kujadili

1. Ni kifaa gani cha umma katika wadi kinachotumiwa na wengi? Kanuni za zamu zake zimeandikwa wapi, na nani anaweza kuzisoma?
2. Kifaa hicho kikiharibika leo, nani ana jukumu la kukitengeneza, na fedha zitatoka wapi?
3. Ni hali zipi zinazostahili kuitwa dharura na kupewa nafasi mbele ya foleni? Aliyepisha atafidiwaje zamu yake?
4. Wanafunzi wahesabu nyota wanazoziona wakiwa karibu na taa za soko, kisha wahesabu tena wakiwa mbali nazo pamoja na mtu mzima. Tofauti ni ipi?