Kufuta jina hakutoshi

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliuweka Mkoa wa Katavi kileleni kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Kwa hiyo ukijitolea Mpanda kwenye asasi ya wasichana, jiandae kukabidhiwa daftari zito kuliko sanduku la fedha: majina, shule, vijiji, simulizi.

Halafu mfadhili anataka ripoti kwa Kiingereza, kesho. Mwenzangu anabandika daftari zima kwenye ChatGPT, dakika mbili kazi imeisha. Namwelewa, mshahara hana na bando ni lake. Ila tujue tunachofanya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilisainiwa Novemba 2022, mwezi uleule ChatGPT ilipotoka, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Inahesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kompyuta zinazokujibu hazipo Mpanda. Ukibandika, umeshapeleka.

“Mimi nafuta majina,” utasema. Haya, tubuni mfano: binti wa miaka 15, kidato cha pili, Mishamo, kajifungua Machi, baba fundi baiskeli. Kijijini nani hamjui? Umri uwe “chini ya miaka 18”, kijiji kiwe “Wilaya ya Tanganyika”, fundi baiskeli atoke kabisa.

Kinachonitisha zaidi, mimi ninayesomea ualimu, ni tafsiri. Soma hii: “Mwalimu alimpeleka zahanati, akamwambia asimwambie mtu.” Kiswahili hakijasema mwalimu ni wa kike au wa kiume. Kiingereza kinadai kujua, na mashine mara nyingi haiulizi, inakisia. Mwalimu wa kike aliyemstiri mwanafunzi wake anageuka mwanamume mwenye siri, tena kwenye ripoti yenye nembo ya asasi!

Akili mnemba ipewe ratiba, bajeti, barua ya kuomba ukumbi. Ifupishe hata Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, ule uliofungua mlango wa waliokatisha masomo kurudi shule, mradi mtu aulinganishe muhtasari na waraka wenyewe. Simulizi ya binti aiandike aliyekaa naye. Kama kikundi bado kinataka mashine isaidie, binti na mlezi wake waulizwe kwanza, kwa maneno wanayoyaelewa. Wakikataa, kalamu zipo.