Kijana Mwenye Funguo za Watu

Somo la wazazi na vijana



Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wetu hupenda mno michezo ya televisheni inayohusu wezi na polisi. Wengine hukataza kabisa. Lakini kukataza peke yake hakumfundishi mtoto, maana asipoitazama nyumbani ataitazama kwenye simu ya rafiki yake. Afadhali mara nyingine mzazi aketi na mwanawe, watazame pamoja, kisha waulizane: Huyu mtu alianzaje? Amefika wapi? Ni nini kilichomgeuza?

Somo letu linafanya hivyo juu ya kijana mmoja katika mchezo wa Kimarekani. Kazi yake ni kuingia katika kompyuta za watu bila ruhusa yao. Mtu wa namna hiyo siku hizi twamwita mdukuzi. Tutamfuata hatua kwa hatua, kisha tutarudi hapa kwetu Karatu.

1. Habari yenyewe

Mchezo huo unaitwa Leverage. Ulianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Desemba 2008, ukamalizika siku ya Krismasi 2012, baada ya sehemu 77. Unahusu watu watano. Mkubwa wao ni Nathan Ford, aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya bima. Mwanawe aliugua, na kampuni ile ile aliyoitumikia ikakataa kulipia matibabu, mtoto akafa. Wenzake ni Sophie, mwanamke hodari wa kujigeuza mtu mwingine, Eliot, mpiganaji, Parker, binti mwizi anayepanda majumba marefu, na Alec Hardison, ambaye ndiye kijana wetu. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Aldis Hodge.

Katika sehemu ya kwanza tajiri mmoja anawakodi kuiba michoro ya ndege, akidai kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Kumbe anawadanganya, na kazi ikiisha anataka kuwaua. Wanaungana kumlipiza. Baada ya hapo wanaamua kuendelea pamoja, wakiwasaidia watu wadogo walioonewa na wakubwa ambao sheria haikuwafikia.

2. Kijana alivyoanza

Alec hakulelewa na wazazi wake. Alilelewa na mama mlezi ambaye yeye humwita Nana, na mama huyo alilea pia watoto wengine wasiokuwa wake. Tulishike jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji baadaye.

Mwanzoni Alec ni kijana mwenye akili nyingi na maneno mengi. Anaijua kazi yake kuliko wote, naye anajua kwamba anaijua. Apendavyo ni kusifiwa. Mlango wa kompyuta ukifunguka hufurahi kama mtoto aliyeangusha embe kwa jiwe moja, wala hajiulizi sana embe ni la nani. Yeye si mkatili. Shida yake ni kwamba hajawahi kumwona uso kwa uso mtu anayeumia kwa kazi yake. Mwenye bunduki humwona anayemlenga, lakini mwenye kompyuta huona namba tu.

3. Hatua za kukua kwake

Hatua ya kwanza ni kujua mpaka wa uwezo wake. Katika msimu wa pili, mwaka 2009, Alec amechoka kukaa nyuma ya mitambo. Anaomba naye aingie mbele ya watu na kuigiza. Anapewa nafasi ya kuwa mwizi mashuhuri, lakini anatia chumvi kupita kiasi. Majambazi wa Kirusi wanamsadiki kabisa, wanamteka, na kumlazimisha awafanyie wizi mkubwa ambao hawezi kuufanya. Sifa aliyoitafuta ndiyo iliyomtia kitanzini. Wenzake wanakuja kumwokoa.

Hatua ya pili ni kufundishwa na mkubwa wake. Katika msimu wa nne anaomba aongoze kazi moja yeye mwenyewe. Anapanga mpango wa ajabu wenye vipande vingi, kila kimoja kikitegemea kingine. Kwenye karatasi hauna kasoro. Lakini watu si mitambo. Wale aliowalenga hawafanyi alivyotazamia, na mpango wote unavurugika. Nathan alikuwa ameweka pembeni mpango mdogo na rahisi, nao ndio unaowaokoa. Nathan hamdhihaki wala hamfukuzi. Anamweleza kijana kwamba mpango mzuri huanza kwa kukubali kuwa mambo yataharibika.

Hatua ya tatu ni kuwategemea wengine. Katika msimu huo huo wahalifu wanamzika hai ndani ya jeneza. Kijana ambaye siku zote husikia na kuona kila kitu kwa mitambo yake sasa yumo gizani, na hewa inapungua. Elimu yake peke yake haimtoi. Kinachomtuliza ni sauti za wenzake, hasa ya Parker, na kinachomtoa ni mikono yao.

Hatua ya nne ni subira. Alec anampenda Parker, binti ambaye naye alilelewa katika nyumba za watu na hajui kumwamini mtu. Kijana huyu, ambaye hawezi kungoja hata dakika moja kufungua mlango wa benki, anajifunza kungoja miaka moyo wa mtu ufunguke wenyewe. Hamsukumi.

Hatua ya tano ndiyo kubwa. Katika sehemu ya mwisho Nathan anastaafu. Nani atashika uongozi? Alec ndiye aliyeutamani waziwazi. Lakini unapewa Parker, naye Alec anakubali kufanya kazi chini yake bila kinyongo. Yule aliyetaka kuonekana ametosheka kuwa mwenye kusaidia.

Mwaka 2021 mchezo uliendelezwa kwa jina la Leverage: Redemption. Humo Alec anaondoka kwenda kuwasaidia watu sehemu mbalimbali za dunia, na nafasi yake inashikwa na binti aitwaye Breanna, ambaye naye alilelewa na Nana yule yule. Aliyefundishwa ameacha wa kumfuata.

4. Ni nini kilichobadilika?

Tazameni vizuri. Ujuzi wa mikono yake haukubadilika. Siku ya mwisho anafungua milango kama alivyofungua siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mambo mawili: anamfanyia nani kazi, na anamjibu nani akikosea. Mwanzo alijifanyia mwenyewe na hakumjibu mtu. Mwisho ana watu ambao hawezi kuwadanganya.

Na nani aliyembadilisha? Si gereza, maana hakubadilishwa kwa kufungwa. Alibadilishwa na watu wazima waliomweka karibu, wakampa kazi ya kweli, wakamwambia makosa yake bila kumvunja. Na nyuma yao wote yupo Nana, aliyempa mtoto asiye wake kitanda na chakula, kabla hajajua atakuwa mtu gani.

5. Jambo lisilonyooka

Hata hivyo tusimsifu bila kupima. Mpaka mwisho watu hawa wanadanganya na kuiba. Mtazamaji hafadhaiki, kwa sababu mtunzi amekwisha kumwonyesha kwamba anayeibiwa ni mwovu kweli. Katika maisha hakuna mtunzi wa kutuhakikishia hivyo. Kijana anayesema, "Namwibia huyu kwa kuwa ni tajiri dhalimu," amejifanya mshtaki, shahidi na hakimu kwa pamoja.

Mchezo wenyewe unaligusa jambo hili katika msimu wa kwanza. Nathan, ambaye zamani alisomea upadre, anataka kuliokoa kanisa la rafiki yake padre lisichukuliwe na tajiri mwenye kutaka kiwanja. Kundi linafanya hila sanamu ya Mtakatifu Nikolao ionekane kutoa machozi. Watu wanaamini, wanakuja kwa wingi, na jambo linawashinda kulizuia. Kanisa laweza kuokoka, lakini wale waliokuja na machozi yao ya kweli mbele ya machozi ya uongo, nani atawaeleza? Waliolengwa ni tajiri mmoja. Waliodanganywa ni umati mzima.

Zakayo alipogeuka hakuendelea kutoza kwa hila ili awape maskini. Alirudisha. Hapo ndipo mchezo unapokoma, na sisi yatupasa kwenda mbele zaidi.

6. Kwetu Karatu na Ngorongoro

Mtu atasema, "Hayo ni ya Marekani, hapa hatuna wadukuzi." Ndugu zangu, tusijidanganye. Mwaka ule ule wa 2008 mchezo huu ulipoanza, M-Pesa nayo iliingia Tanzania. Leo mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hulipwa kwa simu. Mfugaji wa Ngorongoro akiuza ng'ombe mnadani, fedha yaweza kuingia kwenye simu kabla hajafika nyumbani. Hoteli zilizo njiani kuelekea lango la Lodoare hupokea wageni walioandikisha nafasi zao kwa intaneti.

Basi, ni nani hapa mwenye funguo za watu? Ni mjukuu anayemsomea bibi yake ujumbe na kuijua namba yake ya siri. Ni fundi simu pale stendi, anayeachiwa simu ikiwa wazi. Ni binti wa mapokezi anayeona kadi ya benki ya mgeni. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji kuwa na akili za Alec. Mlango wamekwisha kufunguliwa, kwa sababu wameaminiwa.

Bibi akitolewa shilingi elfu kumi, huenda asijue. Akijua, mara nyingi hunyamaza asimwaibishe mjukuu. Hivyo mtoto hujifunza kwamba kosa lisilo na kelele si kosa. Sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi katika kompyuta au simu ya mtu bila haki, hata kama hukuchukua kitu. Lakini kabla ya sheria kumfikia kijana, nyumbani pangemfikia kwanza.

Haya twaweza kuyafanya:

(a) Mzee afundishwe kuweka namba yake ya siri mwenyewe na kuitumia mwenyewe. Kumficha mjukuu namba si kumchukia; ni kumwepusha na kishawishi.

(b) Kila mtu apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, aende kwa kampuni yake ya simu.

(c) Ujumbe wa kitapeli, kama ule wa "tuma ile hela kwenye namba hii", usijibiwe. Namba iliyoutuma ipelekwe 15040.

(d) Kijana mwenye ujuzi apewe kazi ya ujuzi huo mbele ya watu: awafundishe wazee, asaidie hesabu pamoja na mwingine wa kuhakiki. Tukimwita tu wakati simu imeharibika, kisha tukamsahau, wapo wengine watakaomwita, nao watamlipa.

(e) Aliyekosa arudishe alichochukua, na aliyeibiwa amwambie wazi. Kunyamaza si kusamehe.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika hatua tano za Alec, ipi ni ngumu zaidi kwa vijana wetu? Ipi ni ngumu zaidi kwa sisi wazee?

2. Nathan alimwachia Alec ajaribu, akaweka mpango mwingine pembeni. Sisi humwachia kijana ajaribu nini?

3. Je, uongo uliookoa kanisa ulikuwa na faida? Nani aliulipia?

4. Taja mtu mmoja hapa mtaani aliyelea watoto wasio wake. Tumemsaidiaje?

5. Ni funguo za nani ulizo nazo wewe leo, na je, mwenyewe anajua kwamba unazo?