SOMO: MATENGENEZO MADOGO YA MABOMBA NA VIYOYOZI, OFISINI NA NYUMBANI



Mali ya chama si mazao yaliyomo ghalani na fedha zilizomo benki peke yake. Jengo la ofisi, tangi la maji, choo cha wafanyakazi na kiyoyozi kilichonunuliwa kwa azimio la mkutano ni mali pia. Mali hiyo hupotea kama mahindi yapoteavyo kwa wadudu: kidogo kidogo, na bila kelele.

Katika chama kimoja cha msingi nilichopata kukikagua, ankara ya maji ilipanda kwa miezi mitatu mfululizo. Baadhi ya wanachama walisema mlinzi anawauzia majirani maji usiku. Wengine walimshuku Katibu kuwa anaandika malipo yasiyokuwapo. Siku ya ukaguzi tulifunga mabomba yote, tukaenda kuitazama dira. Gurudumu lake dogo lilikuwa likizunguka polepole, ingawa hapakuwa na mtu anayetumia maji. Mwizi alikuwa ni mpira uliochakaa ndani ya tangi la choo. Bei ya mpira ule ni ndogo sana, lakini tuhuma zilikwisha kuwagawa watu waliokuwa wakiaminiana.

Somo hili lina mambo matatu ya kukumbuka: kupima, kutengeneza, kuandika. Anayeanza kwa kupima hatamshuku mtu bure, wala hatamlipa fundi kwa kazi isiyohitajika.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Uwanda wetu wa kati hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Aprili, nazo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600. Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umetegemea zaidi maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, yanayovutwa kwa mitambo. Vijijini, vyombo vya watumia maji chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, navyo hulipia umeme au mafuta ili maji yafike bombani. Kwa hiyo kila debe linalomwagika limekwisha kugharimiwa kabla halijafika kwetu.

Tena maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi na chokaa. Mtu huona ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ukoko huohuo hujengeka ndani ya mabomba na koki, ukachakaza mipira na kupunguza maji.

2. KUPIMA

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Kwa kawaida tarakimu nyeusi za dira huonyesha uniti kamili, na tarakimu nyekundu huonyesha sehemu ya uniti.

Jioni, baada ya shughuli kwisha, fungeni mabomba yote na hakikisheni tangi la juu limejaa. Andikeni namba zote za dira. Asubuhi, kabla mtu hajatumia maji, someni tena.

Mfano: jioni dira inasoma 412.350, na baada ya saa 12 inasoma 412.710. Tofauti ni 0.360, yaani lita 360. Kwa siku nzima ni lita 720. Kwa siku 30 ni lita 21,600, yaani zaidi ya uniti 21, au madebe 1,080. Zidisheni uniti hizo kwa bei iliyoandikwa katika ankara yenu, mtaona ni fedha kiasi gani zinazoingia ardhini.

Namba zisipobadilika, hakuna uvujaji ulio baada ya dira. Zikibadilika, fungeni koki ya tangi la choo, kisha ya tangi la juu, moja baada ya nyingine, huku mmoja wenu akiitazama dira. Koki itakayoisimamisha dira ndiyo yenye habari. Dira isiposimama kabisa, tazameni njia ya bomba lililofukiwa: udongo wenye unyevu wakati wa kiangazi, au majani mabichi mahali palipo pakavu, ni ushahidi wa kutosha wa kumwita fundi achimbe hapo na si kwingine.

Kwa bomba linalodondosha, tumieni kikombe cha robo lita. Kikijaa kwa dakika 10, bomba hilo linapoteza lita 36 kwa siku, yaani zaidi ya uniti moja kwa mwezi.

3. KUTENGENEZA MABOMBA

Vifaa vinavyotosha ni spana ya kurekebika, bisibisi, koleo, tepu nyeupe ya kufunga nyuzi za mabomba, na washa za mpira za vipimo vinavyotumika katika jengo lenu. Kabla ya kazi yoyote, fungeni koki kuu. Kila mfanyakazi, na kila mtu mzima nyumbani, sharti ajue koki hiyo ilipo. Ifungwe na kufunguliwa walau mara moja kila baada ya miezi mitatu, isije ikaganda kwa chokaa siku ya hatari.

(a) Bomba linalodondosha mdomoni. Baada ya kufunga koki kuu, fungueni bomba ili maji yaliyobaki yatoke. Zibeni tundu la sinki kwa kitambaa, skrubu isije ikapotelea humo. Fungueni kichwa cha bomba kwa spana, toeni washa iliyochakaa, mwende nayo dukani ili mpate iliyo sawa nayo. Futeni ukoko mahali washa inapokalia, kisha rudisheni kila kitu kwa utaratibu ule ule. Fungueni koki kuu polepole. Ikiwa washa mpya nayo inachakaa upesi, kikalio chake kimeliwa na bomba lenyewe libadilishwe. Mabomba mengi ya kisasa ya mkono mmoja hayana washa; hayo hubadilishwa kitu cha ndani kizima.

(b) Bomba linalovuja shingoni. Hapa si washa. Kazeni kidogo nati ya shingo. Isiposaidia, zungushieni tepu mpya chini ya nati hiyo.

(c) Choo cha kuvuta kinachopoteza maji. Mimineni kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi la choo, msivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini hauzibi. Usafisheni, na ukiwa mgumu au umepinda, ununuliwe mwingine. Ikiwa maji yanamwagikia ndani ya bomba la ziada lililosimama katikati, shusheni boya mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

(d) Tangi la juu linalofurika. Tazameni boya. Likiwa na tundu hujaa maji na kuzama, hivyo koki haifungi kamwe. Boya likiwa zima, basi washa ya koki yake ndiyo iliyochakaa. Mkimaliza, rudisheni mfuniko, kwa maana tangi lililo wazi ni mazalio ya mbu.

(e) Maji yanayotoka kidogo. Kwanza waulizeni majirani; huenda ni mgao. Ikiwa ni kwenu tu, hakikisheni koki kuu imefunguliwa yote. Kisha fungueni kichungio kidogo kilicho mdomoni mwa bomba; aghalabu mtakuta mchanga na chokaa. Kilazeni ndani ya siki usiku kucha, mkisugue kwa mswaki wa zamani. Maji yakirudi baada ya mgao huku yakikohoa, kuna hewa bombani: fungueni bomba lililo chini kuliko yote, acheni hewa itoke, na maji ya kwanza yenye udongo myakinge kwa ajili ya bustani.

(f) Sinki lililoziba. Wekeni ndoo chini ya kiwiko, kifungueni kwa mkono, toeni mafuta na mabaki ya chakula. Ikiwa kizuizi kiko mbele zaidi, tumieni pampu ya mpira ya kuzibulia. Msichanganye kamwe dawa ya kufulia yenye klorini na tindikali ya kusafishia choo; hutoa hewa yenye sumu inayoweza kuua mtu katika chumba kidogo.

4. VIYOYOZI

Zamani kifaa hiki kilikuwa cha ofisi kubwa tu. Siku hizi, baada ya Serikali kuhamia Dodoma, na kompyuta kuingia katika ofisi za vyama, tunakikuta hata kwetu. Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, nayo miezi ya Juni hadi Agosti ina baridi. Kiyoyozi hupumzika miezi hiyo huku kikijaa vumbi la kiangazi. Joto linaporudi kuanzia Septemba kinawashwa, na ubovu wote hujitokeza kwa pamoja.

(a) Hakipozi vizuri. Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kichujio kilichojaa vumbi. Zimeni umeme ukutani, fungueni mfuniko wa mbele, toeni kichujio, kioshwe kwa maji na sabuni kidogo, kikauke kivulini, kirudishwe. Wakati wa vumbi fanyeni hivyo kila baada ya wiki mbili. Tazameni pia mtambo wa nje: usizibwe na magunia, majani wala kuta, kwa kuwa kazi yake ni kutupa joto nje.

(b) Kinadondosha maji ndani. Hewa inapopozwa hutoa unyevu, nao hupita katika mpira mwembamba hadi nje. Mpira huo ukizibwa na vumbi au wadudu, maji hurudi ndani. Uzibueni kwa kupuliza au kuuvuta kutoka upande wa nje. Hutokea zaidi wakati wa masika, hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Ikiwa mnaona barafu ndani ya kiyoyozi, kizimeni, iyeyuke, kisha osheni kichujio. Barafu ikirudi, mwiteni fundi.

(c) Hakiwaki. Badilisheni betri za rimoti, halafu tazameni swichi kuu. Umeme ukikatika na kurudi, subirini dakika chache kabla ya kuwasha. Swichi ikijizima tena na tena, msiilazimishe.

(d) Habari ya gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikienda na kurudi. Ikipungua, basi kuna mahali inapovujia. Fundi anayekuja kila mwaka kuongeza gesi bila kutafuta tundu anawauzia gesi ya kumwaga hewani. Mwulizeni, kabla ya kumlipa: tundu liko wapi, na umeliziba vipi?

Wekeni kiyoyozi kwenye nyuzi 24 hadi 26. Kukishusha hadi 16 hakuharakishi ubaridi. Huongeza ankara ya umeme tu.

5. MAHALI PA KUSIMAMA

Kujitegemea si kugusa kila kitu. Msiiguse dira wala bomba lililo kabla yake. Hiyo ni mali ya mamlaka ya maji, na uvujaji hapo utolewe taarifa kwao. Msifungue sehemu za umeme wala mabomba ya gesi ya kiyoyozi. Gesi za baadhi ya viyoyozi vya sasa hushika moto. Msipande juu ya paa au mnara wa tangi mtu akiwa peke yake.

6. KUANDIKA

Kila chama kiwe na Daftari la Matengenezo lenye safu hizi: tarehe, kifaa, ubovu ulioonekana, kilichofanyika, gharama, na sahihi za watu wawili. Katika ukurasa wa nyuma paandikwe namba za dira ya maji na mita ya umeme kila tarehe mosi, zilinganishwe na ankara kabla haijalipwa. Ikiwa tofauti ni kubwa, Katibu aifikishe mbele ya Bodi kabla haijawa maneno ya vilabuni. Stakabadhi ya washa moja nayo ihifadhiwe. Katibu mwenye daftari la namna hii hana sababu ya kumwogopa mkaguzi, wala wanachama wake hawana sababu ya kumnong'ona.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Koki kuu ya ofisi yetu iko wapi, na ni nani kati yetu anayeweza kuifikia usiku?

2. Jioni dira ilisoma 087.120, na baada ya saa 12 ikasoma 087.205 bila mtu kutumia maji. Ni madebe mangapi yanayopotea kwa mwezi wa siku 30? (Jibu: 255.)

3. Fundi anataka kuongeza gesi katika kiyoyozi kwa mara ya pili katika mwaka mmoja. Tumwulize nini?

4. Ni matengenezo yapi tuliyolipia mwaka jana ambayo tungaliweza kuyafanya wenyewe?

Waliohoji na kuhesabu jibu la swali la pili wajaribu kesho yake katika dira ya chama, na namba watakazozipata ziwe mstari wa kwanza katika daftari jipya.