KUNUNUA MOTOKAA ILIYOTUMIKA: MAMBO YA KUULIZA NA KUKAGUA

Magari mengi yanayonunuliwa na wananchi wa Kenya si mapya. Aghalabu hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, hushushwa bandarini Mombasa, kisha hupita mikononi mwa watu kadha wa kadha. Mnunuzi mara nyingi ni mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi, au aliyekopa katika chama chake cha ushirika. Akidanganywa, fedha hupotea na deni hubaki. Kwa hiyo yafaa ajue la kuuliza na la kutazama kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, hati. Mnunuzi aulize: Gari hili ni la nani? Kwa nini linauzwa? Hati yake, ambayo watu huiita logibuku, iko wapi? Jina lililomo lilingane na kitambulisho cha muuzaji. Namba za injini na chesisi zilizo katika hati zilinganishwe na zile zilizogongwa katika chuma, tarakimu kwa tarakimu. Namba ikionekana imesuguliwa au kugongwa upya, mnunuzi na aondoke.

Hata hivyo hati peke yake haitoshi. Hapana budi kupata rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Rekodi hiyo humtaja mwenye gari, na huonyesha kama benki au mkopeshaji ana haki juu yake. Jambo hili ni kubwa, kwa maana gari lililowekwa rehani laweza kutwaliwa na mkopeshaji, hata kama mnunuzi amekwisha kumlipa muuzaji fedha zote.

Pili, umri. Herufi za kibao cha namba, kama KCA au KDA, huonyesha zamu ya kuandikishwa Kenya, wala si mwaka wa kutengenezwa. Mwaka huo utafutwe katika hati. Mita ya kilomita nayo huweza kurudishwa nyuma. Mita ikisoma kilomita 40,000, na huku mipira ya pedali imelika, usukani umekuwa laini na kiti kimebonyea, viaminiwe vitu hivyo kuliko mita.

Tatu, ukaguzi. Gari litazamwe mchana, mahali pakavu, injini ikiwa baridi. Likikutwa na joto, muuzaji aulizwe sababu, kwani injini mbovu huficha ubovu wake ikisha kupashwa moto. Moshi wa buluu wamaanisha kwamba oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma waweza kuonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya injini. Oili iliyogeuka rangi kama maziwa ni dalili ya namna hiyo hiyo.

Rangi isiyolingana, na nafasi zisizo sawa baina ya milango, huonyesha kwamba gari liligongwa. Mazulia yafunuliwe: harufu ya ukungu, matope au kutu ni alama za gari lililozama majini, kama yalivyozama magari katika mafuriko ya Nairobi mwaka 2024. Matairi nayo yana tarehe. Tarakimu 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani ni hatari, ijapokuwa laonekana jipya.

Nne, barabara. Gari liendeshwe polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida. Je, breki zashika bila kulivuta upande mmoja? Je, gia zaingia bila kishindo? Mnunuzi afuatane na fundi wake mwenyewe, wala si fundi wa muuzaji. Muuzaji akimkataa fundi huyo, amekwisha jibu maswali yote.

Mwisho, malipo. Yafanywe kwa benki, kwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa saini, na umilikaji uhamishwe NTSA bila kukawia. Muuzaji atakayesema, "Lipa leo, hati utaipata kesho," asilipwe leo. Kuuliza si ujinga. Na swali lililoulizwa kabla ya kulipa halina gharama, bali lililoulizwa baadaye huweza kumgharimu mtu akiba yake yote.