Somo la Wiki: Farasi Mchanga na Mapipa Matatu

Katika Yakobo 3:3 tunakutana na lijamu kinywani mwa farasi. Mstari huo tumeusoma mara nyingi, lakini wengi wetu hatujawahi kushika lijamu hata siku moja. Basi leo tuingie darasani kwa watu wanaofanya kazi hiyo kila siku: wale wanaofundisha farasi wachanga mbio za mapipa kule Marekani.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Mapipa matatu yanapangwa kwa umbo la pembetatu. Kwa vipimo vya kawaida, la kwanza na la pili hutengana futi 90, na kila moja liko futi 105 kutoka la tatu. Mpandaji anaingia mbio, anazunguka yote matatu, kisha anarudi moja kwa moja. Farasi hodari humaliza kwa sekunde 17 hivi. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde 5, na hapo siku yako imeisha. Wengi wanaoshindana ni wanawake. Chama chao kilianzishwa Texas mwaka 1948.

Sasa, farasi anajifunzaje? Si kwa mbio. Anaanza bila pipa lolote. Akiwa na miaka kama miwili anazoea tandiko, uzito mgongoni, kusimama akiambiwa, kurudi nyuma, kugeuza shingo akiguswa kidogo tu. Mkufunzi anavuta hatamu polepole, na farasi akitii, analegeza papo hapo. Sikia hapo: kule kulegeza ndiko kunakomfundisha, wala si kuvuta. Anayefuga punda anajua. Ukivuta bila kuachilia, naye anakuvuta.

Ndipo yanaletwa mapipa, tena kwa kutembea tu, siku nyingi. Farasi asilielekee pipa lenyewe. Aache nafasi pembeni, kama mita moja unusu, apunguze mwendo na kuweka uzito kwenye miguu ya nyuma, kisha ageuke. Wengi huanza na pipa la kulia, kwa hiyo anageuka kulia mara moja na kushoto mara mbili. Maana yake, kati ya pipa la kwanza na la pili lazima abadilishe mguu wa mbele unaoongoza, kutoka wa kulia hadi wa kushoto. Asipobadilisha atazunguka vibaya hata awe na mbio za namna gani. Na mpandaji naye achunge macho yake. Ukilikazia pipa macho, mwili wako unainama huko, farasi anaufuata, na goti lako linalipata pipa.

Akitembea vizuri, anaruhusiwa kukimbia polepole. Akivuruga, anarudishwa kutembea. Hakuna aibu.

Lakini kuna jaribu. Yapo mashindano maalum ya farasi wachanga, wengi wa miaka minne au mitano, na zawadi zake ni nono. Mtu akiona pesa hizo anaharakisha. Mifupa nayo haina habari na kalenda ya mashindano! Mfupa ulio juu ya goti la mbele huchukua karibu miaka miwili na nusu kukomaa, na uti wa mgongo mitano au zaidi. Kumzungusha kwa kasi kila siku kabla ya hapo ni kumharibu miguu kidogo kidogo. Akili nayo inachoka. Farasi aliyechoshwa na mapipa hukataa hata kupita lango la uwanja. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anageuka, anatoka jasho. Watu husema ana kiburi. Mimi naona anaeleza tu yaliyomkuta. Wakufunzi wenye busara humpeleka malishoni akafanye kazi ya ng'ombe, na mapipa wanampa mara chache.

Kazi iliyofanywa hivyo inakaa. Mwaka 1985, kwenye fainali za taifa za rodeo Las Vegas, Charmayne James alikuwa juu ya farasi wake Scamper wakati hatamu zilipochomoka kichwani. Hakuwa tena na namna ya kumwongoza kwa mkono. Scamper alizunguka mapipa yote, wakashinda raundi ile. Wawili hao walichukua ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1993.