Mama Akielemewa, Mtoto Huhisi

Mtoto wa miezi minane akilia mama anapoinuka kwenda uani, hajadekezwa. Ni umri wake. Watoto wengi wa umri huo huogopa wageni na huogopa kuachwa, kisha hofu hiyo hupungua yenyewe kadiri wanavyokua. Ya kuangaliwa ni ile inayozidi: mtoto wa chekechea anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule lakini Jumamosi hana neno, aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, asiyelala mpaka ameshika nguo ya mtu.

Hapo majirani huwa na jibu tayari: ni mama yake. Ni kweli msongo wa mama humfikia mtoto. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao wachanga kwa dakika chache bila kutabasamu wala kuitika. Watoto walijaribu kumchangamsha mama; waliposhindwa, waligeuza uso, wengine wakalia. Lakini uso wa mama uliopooza una chanzo: kodi ya nyumba, kukesha na kunyonyesha, ugomvi wa usiku ambao mtoto wa chumba cha pili anausikia wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Tena mtoto mwenye hofu naye humchosha mama.

Basi kazi ni ya nyumba nzima. Baba amchukue mtoto, mama apate usingizi. Bibi akija kusaidia, apike, asikosoe. Acheni kumtisha mtoto kwa askari na sindano; siku akiugua mtamshikaje? Na msimtoroke. Mama anayenyata kwenda sokoni hukwepa kilio cha asubuhi, akirudi anang'ang'aniwa hadi usiku. Muage, mwambie utarudi baada ya chakula cha mchana, na urudi kweli.

Mama anayekosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au mwenye huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, aseme kliniki siku ya kupima uzito wa mtoto. Muuguzi asipouliza, aanze yeye. Anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto asingoje siku ya kliniki: mpelekeni hospitali leo hii, na msimwache peke yake hata njiani.